Za Kushoto Zote Mbili

Mwalimu alitoka nyumbani Jumanne asubuhi, kati ya saa mbili na saa mbili na nusu, binti yake akiwa bafuni na mjukuu wake ameshakwenda shule. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa ufunguo. Hilo ndilo jambo ambalo binti yake alilirudia kwa kila aliyemuuliza, na kwa wengi ambao hawakumuuliza: "Nilioga dakika kumi. Kumi tu, jamani. Natoka, nakuta chai yake inapoa mezani."

Mtaa mzima ulimwita bibi huyo Mwalimu, na hata binti yake mwenyewe alimwita hivyo, kwa sababu alimfundisha darasa la kwanza, na darasani humo hakukuwa na mama wa mtu. Miaka thelathini na mmoja alifundisha darasa la kwanza tu. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka mitatu kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Yalitangulia majina ya majirani, zikafuata siku za wiki, mwisho hata njia ya kutoka kitandani kwake hadi chooni. Kilichobaki ni shule. Kila asubuhi aliamka na haraka ya kuwahi kengele.

Binti yake alikuwa mchapaji katika duka la mabango, kadi na fulana, barabara ya pili kutoka sokoni. Wateja walimwita Mama Chapa, na jina likamganda. Nyumbani kwao, vyumba viwili na ukumbi mdogo, walikuwa wanawake watatu: Mwalimu, Mama Chapa, na binti wa Mama Chapa, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa mwaka wa mwisho sekondari.

Asubuhi ile Mama Chapa alipotoka mbio, nusura ajikwae mlangoni. Palikuwa na ndala mbili, moja ya bluu, ya Mwalimu, na moja ya kahawia, ya kwake mwenyewe. Zote za mguu wa kulia. Aliziangalia muda mrefu kidogo kabla hajaelewa. Mama yake alikuwa ametoka na za kushoto zote mbili.

Alianzia shuleni, ile shule ya zamani ya Mwalimu, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akimkuta mara nyingi amesimama getini. Hakuwepo. Akaenda sokoni, akaenda zahanati, akazunguka mitaa yote inayopakana na wao akiuliza duka kwa duka. Jioni binti yake akaungana naye, bado na sare za shule, wakaenda polisi. Askari wa zamu akaandika kila kitu kwenye daftari kubwa, akawaambia warudi kesho.

Kesho yake, Jumatano, waliporudi kituoni walikuta watu wa televisheni wamefika kwa habari nyingine, ya ghala lililoungua. Mtangazaji, kijana mpole mwenye miwani, alimwona Mama Chapa amesimama pembeni na mfuko wa plastiki mkononi, akamuuliza ana tatizo gani. Akampa dakika mbili.

Mwanzoni Mama Chapa alizungumza vizuri. Alieleza kimo cha mama yake, gauni lake la kijivu lenye mifuko mikubwa, kovu dogo juu ya nyusi. Akataja namba yake ya simu, mara mbili, taratibu. Kisha mtangazaji akauliza: "Kuna alama yoyote ambayo mtu akiiona tu njiani atajua ndiye?"

Mama Chapa akafungua mfuko. Akazitoa zile ndala mbili za kulia, akaziinua juu, moja kila mkono.

"Amevaa za kushoto," alisema, na hapo sauti ikamkatika. "Za kushoto zote mbili! Mtu anatembeaje hivyo jamani? Za kushoto zote mbili!"

Neno la mwisho lilimtoka jembamba, likapanda, likakatika. Mdomo ukabaki wazi bila sauti, machozi na makamasi yakishuka pamoja, na ndala ziko juu hewani. Mpigapicha hakuzima kamera.

Habari ilirushwa saa sita mchana. Binti wa Mama Chapa aliirekodi kwenye simu, yote, dakika moja na sekunde hamsini, akaiweka mtandaoni na kuandika: *Sambazeni jamani, huyu ni bibi yangu, amepotea.* Marafiki zake wa shule wakasambaza. Kufikia jioni ilikuwa imeangaliwa na watu mia mbili na kitu, na msichana alifurahi. "Mama, inaenda," alisema. "Inaenda!"

Jioni hiyohiyo timu moja kubwa ya mpira ilifungwa mabao manne. Mtu fulani, ambaye hadi leo hajulikani, alikata sekunde sita za mwisho za ile video na kuzibandika mara tu baada ya mshambuliaji kupaisha penalti. Mshambuliaji anapiga, mpira unapotelea jukwaani, kisha anatokea mwanamke ameinua ndala mbili: "Za kushoto zote mbili!"

Ilikuwa inachekesha. Hata waliokuja kuijutia baadaye walikiri kwamba ilichekesha.

Alhamisi asubuhi watangazaji wa redio walifungua kipindi nayo. Mchana ilikuwa imetiwa ngoma na kinanda. Ijumaa kulikuwa na stika zaidi ya ishirini za uso wa Mama Chapa, watu wakitumiana kwenye magrupu ya harusi, ya kazini, ya ukoo. Mheshimiwa mmoja akikosea kusoma tarakimu kwenye hotuba, stika. Mchumba asiyejibu ujumbe, stika. Mwanafunzi aliyefeli hesabu, stika. Neno nalo likazaliwa. Mtu akivurunda jambo aliambiwa *umeshotoka*, na watoto wasiojua neno hilo lilikotoka wakawa wanalitumia kama vile lilikuwepo tangu zamani. Kampuni moja ya sabuni ikatoa tangazo lenye ndala mbili.

Na watu wakaanza kuvaa. Hilo ndilo lililomvunja Mama Chapa miguu. Ulikuwa mchezo: unavaa ndala za kushoto miguu yote, za rangi tofauti, unacheza hatua nane, unajirekodi. Wanafunzi walivaa. Makarani wa benki walivaa siku ya Ijumaa wakapiga picha ngazini. Mama Chapa akitembea barabarani na mabango yake chini ya kwapa, macho yote kwenye miguu ya watu kama alivyozoea tangu Jumanne, aliona bluu na nyekundu, njano na nyeusi, kushoto na kushoto, kila mahali. Karibu na kituo cha mafuta alimwona mwanamke wa makamo kwa nyuma, gauni la kijivu, ndala zisizolingana. Alimkimbilia akamshika bega. Yule mwanamke akageuka, akamtazama, akapiga kelele za furaha.

"Wewe ndiye! Ndiye wewe kabisa! Shoga, hebu tupige picha!"

Mama Chapa akaachia bega.

Simu nayo ilikuwa haipumziki. Wenye video nzima walikuwa wachache, lakini namba ilikuwa imeshapita mikono mingi, na kuanzia Ijumaa walikuwa wakipiga mfululizo. "Haloo, nimeokota za kulia mbili, nikuletee wapi?" Kicheko, na kicheko cha wengine nyuma yake. "Mama, mume wangu ameshotoka, nifanyeje?" Wengine walikuwa watoto. Wengine walikuwa watu wazima kabisa, wenye sauti za ofisini. Binti yake alimsihi abadilishe laini.

"Nibadilishe, halafu anayemjua Mwalimu apige wapi?"

"Basi usipokee zile unazoona—"

"Nitajuaje? Mwanangu, nitajuaje ipi ndiyo ipi?"

Akapokea zote. Kila simu alisema, "Haloo, ndiyo, nakusikiliza," kwa sauti ileile, na kila simu alingoja mpaka mwisho, hata baada ya kusikia kicheko, isije ikawa baada ya kicheko kuna neno.

Polisi nao walikuwa wamechoka. Askari wa zamu, yule wa siku ya kwanza, alimfungulia daftari amwonyeshe. "Mama, sina maana mbaya. Lakini tangu jana nimepokea taarifa arobaini na moja za watu waliovaa viatu vya kushoto. Arobaini na moja. Hiyo alama yako haitusaidii tena. Huna nyingine?"

Aliketi kwenye benchi la kituo akashika tama. Alikuwa na nyingine nyingi. Kovu, miwani iliyofungwa uzi, namna mama yake alivyoweka vidole kwenye midomo akitaka ukimya. Lakini ni nani angeangalia nyusi za bibi mpita njia, wakati nchi nzima imefundishwa kuangalia miguu, na miguu inachekesha?

Jumapili asubuhi binti yake alitoka chumbani na simu mkononi, uso umempauka.

"Mama. Kaa kwanza."

Ilikuwa video kama zile nyingine. Kituo cha mabasi ya safari ndefu, mchana, vijana watatu na mmoja anayerekodi. Mbele yao bibi mwenye gauni la kijivu, ndala moja ya bluu, moja ya kahawia. Maandishi juu: *Bibi naye hakubaki nyuma!* Vijana wanapiga makofi na kuimba ile ngoma. Bibi anawatazama kwa makini, kisha anainua kidole kuwanyamazisha. "Mikono mbele," anasema. "Nione kucha." Vijana wanaangua kicheko, wananyoosha mikono. Bibi anakagua mmoja mmoja. "Wewe chafu. Wewe chafu. Wewe afadhali." Anageuka, anakwenda zake, mguu wa kulia ukichechemea. Mmoja anamwita, "Bibi, cheza kidogo!" Video inaisha.

Watu laki tatu walikuwa wameiangalia. Ilikuwa imewekwa Ijumaa.

"Laki tatu," Mama Chapa alisema. Akairudia video. Akairudia tena, na kila mara aliweka kidole kwenye kioo pale mama yake alipogeuka, kana kwamba angeweza kumzuia. "Laki tatu wamemwona Mwalimu, na hakuna aliyepiga."

"Walidhani anacheza, Mama."

"Anachechemea!"

"Walidhani ndiyo mchezo wenyewe."

Msichana akaanza kulia. Ndiye aliyeiweka video ya kwanza, na tangu Alhamisi alikuwa hali vizuri wala halali. "Mimi ndiye nimemuua Bibi," alisema. "Ningenyamaza, ingebaki televisheni tu." Mama yake alitaka kumwambia hapana, lakini neno halikutoka kwa wakati, na ule ukimya mfupi wote wawili waliusikia.

Walikwenda kituo cha mabasi. Yule aliyerekodi walimwandikia, hakujibu. Alikuwa akipokea ujumbe kwa maelfu. Muuza maji mmoja alikumbuka. "Bibi wa kucha? Ijumaa, ndiyo. Nilimpa chupa ya maji. Aliniuliza basi la shule linapita saa ngapi. Nikajua utani." Aliposikia ni mama wa mtu na amepotea alivua kofia, akawa hajui aiweke wapi. Aliwaelekeza upande ambao bibi alishika njia, barabara kuu inayotoka mjini. Walitembea barabara hiyo mpaka jua likawa kali hawawezi tena, wakiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Watu waliwapungia mikono.

Jumatatu Mama Chapa alirudi kazini, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa imekwisha na kwa sababu alihitaji mashine kuchapa mabango mengine. Mia tano alikuwa ameshayabandika mjini. Mengi yalifunikwa siku ya pili tu na matangazo ya bonanza la michezo na muziki.

Bosi wake, mwanaume mzito wa taratibu aliyeanza duka hilo na mashine moja ya mkono, alimwita kando.

"Kuna oda," alisema, akitazama ukutani. "Ya lile bonanza la Jumamosi. Fulana mia tatu."

Mama Chapa alichukua karatasi ya mchoro. Mwanamke amechorwa kwa mistari minene, mdomo wazi, mikono juu, ndala mbili. Chini yake maneno ambayo hakuhitaji kuyasoma.

"Bosi, huyu ni mimi."

"Ni mchoro tu wa mwanamke."

"Na ndala?"

Bosi akajikuna shingo. "Najua, Mama Chapa. Najua. Lakini nisipochapa mimi atachapa jamaa wa ng'ambo ya barabara, na zitavaliwa vilevile. Kama huwezi, nimpe kijana mwingine aje afanye, wewe ukae kwenye kadi."

Alikwenda nyuma, kwenye chumba cha wino, akaketi juu ya katoni. Mashabiki, watumbuizaji, sijui nani na nani, watazivaa kifuani siku nzima, watapiga nazo picha, watazituma kila pembe. Yeye kabandika mabango mia tano ukutani na hakuna aliyesimama kusoma. Alikaa hapo mpaka wino mikononi ukakauka. Mia tatu, aliwaza. Vifua mia tatu. Halafu akawaza: na migongo mia tatu.

Alitoka akamwambia bosi, "Nitachapa mwenyewe."

Jumatano bosi alisafiri siku mbili kununua vitambaa, na Mama Chapa akatengeneza fremu ya pili ya kuchapia, ya mgongoni. Aliandika maneno mengi, akayafuta, akayapunguza. Askari alikuwa amemuuliza kama hana alama nyingine, na sasa alikuwa nayo. Mwisho mgongoni palisomeka hivi:

*Maneno haya niliyasema nikilia. Mama yangu amepotea. Ni mwalimu mstaafu, miaka 74. Ukikutana naye atakuambia umwonyeshe kucha.*

Chini yake uso wa Mwalimu na namba ya simu.

Alichapa siku mbili, mbele na nyuma. Kusukuma wino juu ya uso wake mwenyewe mara mia tatu si jambo dogo. Mara kwa mara alilazimika kusimama akashika ukingo wa meza. Kisha akazikunja fulana kifua kikiwa juu, akaitia kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Alhamisi jioni mshereheshaji wa bonanza, kijana wa suti ya kung'aa, alikuja na gari kuzichukua. Akainua moja juu, ikiwa ndani ya mfuko wake, akacheka kwa kuridhika. "Umetisha, mama! Ingependeza na wewe uje, upande jukwaani."

"Nitawatazama tu," alisema Mama Chapa.

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, simu ya kwanza ilikuwa ya mshereheshaji. Alitukana mpaka pumzi ikamwishia. Nusu ya fulana zilikuwa zimeshagawiwa, na watu walikuwa wanasomana migongo. Ya pili ilikuwa ya bosi. Hakutukana. "Usije Jumatatu," alisema. "Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Bosi akakata simu.

Kisha zikamiminika. Wengine waliomba msamaha huku wakilia. Wengine walimtukana kwa kuwaharibia siku. Na wengi, hao ndio waliomchosha kuliko wote, walidhani ni sehemu ya mchezo. "Umebuni vizuri sana! Hiyo ya kucha ndiyo imeniua!" Binti yake alikuwa amekaa sakafuni na daftari, akiandika kila namba. Saa nane mchana walikuwa na kurasa sita na hakuna hata neno moja la maana.

Saa tisa kasoro robo simu ilipigwa na mwanamke mwenye sauti ya chini.

"Samahani, dada. Mimi ni mhudumu wa wodi, hospitali ya huku kwetu." Alitaja mji ulio safari ya saa tatu. "Mdogo wangu yuko huko kwenye bonanza, amenitumia picha ya mgongo wa mtu. Nilikuwa nadeki. Nikasoma hapo kwenye kucha, dada, nikadondosha fagio la kudekia."

Mama Chapa alisimama wima.

"Kuna bibi hapa," yule mwanamke aliendelea. "Tangu Jumatatu. Kila asubuhi nikipita na ndoo ananiambia nimwonyeshe kucha."

"Yu hai?"

"Yu hai. Lakini njoo leo, dada. Usingoje kesho."

Walifika jua linazama. Mhudumu alikuwa ameshamaliza zamu yake, lakini alikuwa amewangoja mlangoni. Aliwaeleza wakiwa wanatembea. Wapakiaji wa mchanga walimkuta bibi mtaroni, kando ya barabara kuu, wakamleta kwenye lori lao. Hakujua jina lake wala kwao. Mguu wa kulia ulikuwa umeoza kati ya vidole, pale mkanda wa ndala ulipokuwa ukikata mahali pasipo pake kwa siku sita, na sumu ilikuwa imeingia kwenye damu.

Karibu na mlango wa wodi mhudumu alisimama.

"Sitakudanganya," alisema. "Alipoletwa tulicheka. Tuliona miguu, tukacheka wote, mpaka daktari. Kuna aliyepiga picha. Kwenye faili lake, pale pa jina, wameandika Bibi Za Kushoto." Akashika kitasa cha mlango. "Hatukujua kama nyuma ya ule mchezo kulikuwa na mtu anatafutwa. Sisi tuliona ile video fupi tu."

Mama Chapa alimsikia, lakini macho yake yalikuwa yameshaingia ndani.

Mwalimu alikuwa kitanda cha tatu upande wa dirisha. Alikuwa amekwisha, amebaki macho. Mjukuu wake alipiga magoti, akalaza kichwa kwenye shuka. Mama Chapa alisimama, mikono imening'inia, hajui aanzie wapi. Mwalimu akaugeuza uso taratibu, akamtazama mwanamke huyu mtu mzima kama anayemtazama mtoto aliyechelewa.

"Mikono mbele," alisema.

Mama Chapa akanyoosha mikono. Wino mweusi ulikuwa bado umejaa kwenye kucha.

"Nani kakupaka hivi?"

"Ni kazi, Mwalimu."

"Nenda kanawe. Kengele bado."

Akaenda. Kwenye sinki la mwisho wa ukumbi alisugua kucha kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikachubuka, binti yake amesimama karibu akimshikia taulo. Alirudi akanyoosha mikono tena. Mwalimu aliikagua kidole kwa kidole.

"Afadhali," alisema. "Kaa."

Akakaa. Alikaa hapo siku tatu na nusu. Mwalimu hakumwita *mwanangu* hata mara moja, wala hakumkataa. Jumanne alimfundisha kushika penseli, akitumia kijiko. Jumatano saa tano asubuhi, madaktari wakiwa kitanda cha jirani, alikata roho.

Walimzika Ijumaa. Makaburini walikuja watu wengi kuliko walivyotarajia, wanafunzi wa zamani wenye mvi, majirani, mhudumu wa wodi aliyesafiri saa tatu. Bosi naye alikuja, akasimama mbali. Jeneza liliposhushwa Mama Chapa alihisi kilio kinampanda kifuani, na papo hapo akafunga mdomo kwa kiganja, akageuza uso huku na huku kuangalia mikono ya watu. Nyuma ya umati kijana mmoja alikuwa ameshainua simu.

Binti yake aliona. Alivua mtandio wake akautandaza mbele ya uso wa mama yake, na mhudumu wa wodi akashika pembe ya pili. "Lia, Mama," msichana alisema. "Lia tu. Hakuna anayeona."

Kuhusu ile video ya kwanza, hawakuwahi kuzungumza sana. Siku moja tu, wakifua nguo za Mwalimu, Mama Chapa alisema bila kuinua kichwa, "Hukumuua Bibi. Nilipaswa kukuambia Jumapili ile." Msichana akaendelea kusuuza. Baadaye akaitikia, "Sawa, Mama."

Mchezo wa ndala uliisha wenyewe. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wanacheka kitu kingine, mbuzi aliyeingia benki, na fulana za bonanza zikawa za kufutia baiskeli.

Mama Chapa alizunguka mwezi mzima akitafuta kazi. Kila duka alilopita ilikuwa hivyohivyo: mtu anamtazama, anakunja macho, anamkumbuka, halafu kona za mdomo zinaanza kucheza. Wengine walijizuia, wengine hawakujizuia. Mwisho alifika kwenye kiwanda kidogo cha madaftari, upande mwingine wa mji. Msimamizi alikuwa mzee mkavu mwenye aproni ya gundi. Alisoma barua yake, akauinua uso, akakunja macho.

"Wewe si yule mama wa..."

"Ndiye."

Mama Chapa alingoja. Alikuwa ameshauchukua mkoba wake.

Mzee aliweka barua mezani. "Ulimpata?" aliuliza.

Mashine ya kukata karatasi ilikuwa inanguruma nyuma yao, na kwa muda Mama Chapa alidhani hakusikia vizuri.

"Mama yako," mzee alisema. "Ulimpata?"

"Nilimpata," alijibu. Akauweka mkoba chini. Mzee akamsogezea kiti.